Jinsi Duilio Mwenye Masikio Mekundu Alivyoyarusha Mafuta

Sogezeni vigoda, ninyi mnaopenda habari za majemadari na miji iliyobomolewa. Wekeni kando mikuki ya watu wengine na ngome za watu wengine, kwa maana habari hii ni kubwa kuliko hizo zote, ingawa haina farasi hata mmoja, na damu pekee iliyomwagika ndani yake ilikuwa ya bata bukini. Ni habari ya Duilio mwana wa Fosco, Duilio Mwenye Masikio Mekundu, na ya mafuta aliyoyarusha kutoka shingoni mwa kibuyu, katika vilima vya Chianti, nchini Italia, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Martino. Wapo wafalme waliosifiwa kwa machache kuliko hayo.

Kila siku adhuhuri, kengele ya kanisa la Montegrillo ilipolia, Mzee Gaspero, mkuu wa nyumba, Mwenye Kifundo cha Chuma, alisimama kwenye kichwa cha meza, akafuta mikono yake kwenye suruali, akakishika kibuyu cha kioo kilichovikwa majani makavu tumboni. Divai ya nyumbani katika vilima hivyo haikufungwa kwa kizibo cha kukazwa. Ilifunikwa kwa mafuta ya zeituni, kina cha kidole kimoja, yakae shingoni kama bawabu mlangoni, hewa isipite. Kabla ya kumimina, bawabu huyo sharti aondoke, na njia ya heshima ya kumwondoa ilikuwa moja tu: kukiinamisha kibuyu, kukipiga mtikiso mmoja mkavu wa kifundo cha mkono, mafuta yote yakaruka kwenda kizingitini, na divai ikabaki nyuma bila kujua kwamba mlinzi wake ameuawa. Mtikiso ukiwa mnyonge, mafuta huzama ndani na kuiharibu. Ukizidi, divai hufuata mafuta mlangoni. Wala hakuna mwana aliyefundishwa jambo hilo. Mtu aliyarusha mafuta kwa mara ya kwanza siku aliyomzika baba yake, akiwa na machozi machoni, na jamaa wote wakitazama kama ataweza.

Tena ilikuwepo sheria, na sheria hiyo ni kongwe kuliko kengele: neno lolote zito, la shamba au la ndoa, halisemwi mezani kabla glasi ya kwanza haijamiminwa.

Basi Jumapili ile ya mkesha Gaspero alisimama kama kawaida, akafuta mikono kama kawaida, akakishika kibuyu, akavuta pumzi. Hapo mkono wake ulifunguka wenyewe kama mlango uliokatika bawaba, na lau Duilio asingekidaka kile chombo kwa chini, historia yote ingekuwa sakafuni.

Asubuhi hiyo, alipokuwa akimkamata bata bukini wa sikukuu, Gaspero alikuwa amepigwa bawa kwenye kifundo cha mkono wa kuume. Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba jeraha lisilotajwa hupona kwa aibu. Yule bata alikuwa sasa yuko ovenini, akichuruzika mafuta juu ya viazi, ameshindwa vita lakini ameacha ushindi wake katika mwili wa adui, jambo ambalo mashujaa wengi hawalipati.

"Si kitu," akasema Gaspero, akikaa, uso umekuwa mweupe kama jibini.

"Kifundo kimevimba kama kitunguu," akasema mama yake, Bibi Zelinda, Mlinzi wa Meko, aliyekuwa ameketi karibu na moto akimenya kwa kisu lozi za mwitu ambazo hakuna aliyewahi kuzila. "Umempiga bata au bata kakupiga?"

Gaspero akashusha mkono wa shati juu ya kifundo. Na hapo, wasikilizaji, ndipo palipokuwa na hatari.

Kwa maana mezani siku hiyo alikaa Bwana Landucci, msimamizi wa shamba. Watu wa nyumba hiyo walikuwa wakulima wa nusu kwa nusu: nusu ya zabibu ilikuwa yao, nusu ya mwenye shamba, na nusu hiyo ya mwenye shamba ilikuja kuchukuliwa na Bwana Landucci akiwa na kofia ya kijivu na hamu nzuri ya kula. Katika mashamba hayo mtu hakuoa kwa kupenda tu. Msimamizi alitakiwa kuridhia, kwani mikono ya binti ilihesabiwa zizini pamoja na ng'ombe, na mwenye shamba hakupenda kushtukizwa. Mkesha wa Martino ndiyo siku aliyopita nyumba kwa nyumba kusikiliza maombi. Aliyesema alikuwa amesema. Aliyenyamaza alinyamaza hadi Martino mwingine.

Na Duilio alikuwa amekwisha kunyamaza Martino mbili.

Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya ng'ambo ya bonde, mrefu, mpole, mwenye mabega ya kubebea mapipa na sauti ya kumwomba radhi kuku aliyemkanyaga. Kila Jumapili alipanda kilima, akaketi, akala, akashukuru, akashuka. Alikuja kwa ajili ya Ersilia binti Gaspero, Ersilia wa Vidole Vyepesi, msukaji wa majani ya vibuyu, na kila mtu alilijua hilo, pamoja na ng'ombe. Lakini Gaspero alipouliza baada ya glasi ya kwanza kama kuna mwenye neno, Duilio alisema kwamba huenda mvua ikanyesha. Masikio yake yakawaka kwa namna ambayo Bibi Zelinda alidai angeweza kuyaota kama moto.

Wiki hiyo Ersilia alikuwa amemwendea kisimani, akaweka ndoo chini, akamwambia kwa utulivu kwamba Martino huyu asiposikia neno, atakwenda mjini Prato na kaka yake kufanya kazi kwenye kinu cha nyuzi. Hakulia. Aliinua ndoo akaondoka. Duilio alibaki hapo akimwambia kisima mambo mazuri sana.

Kwa hiyo bila mtikiso, hakuna divai. Bila divai, hakuna neno. Na bila neno, Ersilia ni wa Prato. Miji mingine imezingirwa kwa sababu hafifu kuliko hizo.

Wa kwanza kushuka uwanjani alikuwa Amerigo, kaka yake Ersilia, Amerigo wa Viwanda, aliyekuja kutoka Prato na viatu vyenye ncha na dharau ya mtu ambaye hupokea mshahara kila Jumamosi. Alisema kwamba huko mjini mambo haya yalikwisha zamani, kwamba kwenye mikahawa watu huchovya kipande cha pamba shingoni, mafuta yananyonywa, kila mtu anakunywa, na hakuna anayesimama kama askofu.

"Maiti ndio huzibwa pamba," akasema Bibi Zelinda, bila kuinua macho. "Nikifa utanitia pamba. Leo nina kiu."

Amerigo akacheka, akageukia upande wa Duilio. "Na wewe shemeji, unasemaje?"

Duilio, kwa kusikia neno *shemeji*, akawaka masikio yote mawili, akatazama sahani.

Kisha Gaspero mwenyewe akaujaribu mkono wa kushoto. Aliinua kibuyu, na nyumba nzima ikaona shingo ya kioo ikitetemeka, mafuta yakicheza juu ya divai kama mashua isiyo na nahodha. Akakirudisha mezani polepole. Alitoa hotuba. Alisema kwamba baba yake aliyarusha mafuta katika chumba hiki, na babu yake, na kwamba hakuna mkono mwingine utakaoyarusha yeye angali anapumua. Ikiwa ni lazima, wote watakula bata huyu kwa maji ya kisima kama punda. Ilikuwa hotuba nzuri. Bata akaletwa, akawekwa mezani, akaanza kupoa.

Bwana Landucci akatoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena. Hakuwa amepanda kilima ili anywe maji.

"Gaspero," akasema, akijifunga leso shingoni, "usihuzunike. Mkono wenye elimu upo hapa. Katika ujana wangu huko Siena niliyarusha mafuta mbele ya makasisi na maafisa wa jeshi, na hakuna tone lililopotea. Wanawake walipiga makofi. Nipeni kibuyu."

Na nani angemnyima? Nusu ya kibuyu ilikuwa ya mwenye shamba aliyemtuma, kwa mkataba.

Sasa, juu ya meza vilikuwepo vibuyu viwili, na sharti vijulikane, kama majeshi yajulikanavyo kabla ya vita. Divai ya Chianti haitokani na aina moja ya zabibu, bali na mkusanyiko. Mbele husimama Sangiovese, jemadari mwekundu mwenye ulimi mkali, anayeweza kumtia mtu machozi akiwa peke yake. Nyuma yake Canaiolo, waziri mpole, anayeyatafsiri maneno ya jemadari ili watu wasikasirike. Pembeni hupita Malvasia mweupe, wachache tu, wenye manukato, kama wapiga zumari. Hivyo ndivyo Gaspero alivyochanganya, na baba yake kabla yake, na kibuyu kimoja, cha mwisho cha mavuno kabla ya mvua ya mawe, kilikuwa cha mchanganyiko huo. Lakini mwaka uliofuata Bwana Landucci aliagiza Trebbiano iongezwe, zabibu nyeupe izaayo sana, askari wa kukodiwa: wengi, wembamba, wasio na la kusema. Mapipa yalijaa. Divai ikawa na rangi ya sketi iliyofuliwa mara nyingi. Kibuyu cha pili kilikuwa hicho, na Bwana Landucci akakichagua, maana kilikuwa mtoto wa agizo lake.

Akasimama. Akakunja mkono wa shati mara mbili. Akakiinamisha kibuyu kwa madaha ya mchezaji dansi, akakitikisa.

Mafuta hayakwenda popote. Yaligeuka ndani, yakavunjika vipande, yakaanza kuelea katika divai kama macho mengi madogo ya samaki, yote yakimtazama yeye.

Hata moto uliona haya.

"Majani ya kibuyu hiki yamesukwa vibaya," akasema Bwana Landucci. "Yanateleza mkononi."

Ersilia, aliyeyasuka, akaweka mkate mezani kwa kishindo kidogo.

Na kwa kuwa mtu mkubwa haruhusiwi kushindwa, Bwana Landucci alijimiminia glasi, macho yote ya samaki yakimo, akainywa hadi chini, huku koo lake likipanda na kushuka. "Ina ulaini," akasema. Akajipangusa mdomo, mdomo ukang'aa. "Basi glasi ya kwanza imemiminwa. Semeni maneno yenu upesi, nina nyumba nyingine."

"Hiyo si divai," akasema Bibi Zelinda. "Hiyo ni ya kutilia saladi. Sheria inasema divai."

Hakuna aliyebishana, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa na kisu. Bwana Landucci akainuka kwa hasira iliyovaa adabu. Akasema kwamba nyumba isiyoweza kumpa msimamizi glasi safi haina cha kuomba mwaka huu. Akachukua kofia yake ya kijivu msumarini, akaenda mlangoni, akasimama kizingitini akitafuta maneno ya mwisho yaliyo makali, kofia mkononi, mdomo wa kofia ukielekea juu kama bakuli.

Hapo Ersilia akamgeukia kaka yake. Hakupaza sauti. "Basi la kesho la Prato linaondoka saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema," akasema Amerigo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

Ndipo kiti kikaanguka. Kilikuwa cha Duilio.

Hakukumbuka kusimama. Alijikuta tu yuko juu, juu sana, na meza iko mbali chini kama bonde linavyoonekana kutoka mnarani. Mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika kibuyu cha mwisho.

"Keti, mwanangu, utaumia," akasema Gaspero.

"Naomba, Mzee."

"Baba yako kafa?"

"Hapana. Mzima. Anakusalimu."

"Basi nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

Duilio akakitazama kibuyu. "Kila Jumapili. Nilikuwa nautazama mkono wako tu, Mzee. Kwingine nilikuwa siwezi kutazama."

Ersilia akaacha kukata mkate. Gaspero alimtazama kijana huyo, kisha akautazama mkono wake uliovimba, ukilala mezani kama kitu cha mtu mwingine. Akakisukuma kibuyu kidole kimoja kuelekea kwake. Kidole kimoja tu. Lakini katika nyumba hiyo, tangu msingi ulipowekwa, hapajawahi kutolewa milki kubwa hivyo.

Enyi roho za mababu waliokanyaga zabibu kwa miguu mitupu, mlioinama mashambani hadi migongo ikasahau kunyooka, na mkalipwa nusu: mshikeni mkono! Kwa maana kijana aliyeomba radhi kwa kuku amekiinamisha kibuyu. Mafuta yamesogea, mazito, ya kijani na dhahabu, yamefika mdomoni, yamechungulia nje. Jemadari Sangiovese ameshika pumzi. Waziri Canaiolo amefumba macho. Duilio hakumfikiria baba yake, wala Siena, wala makasisi. Aliuona mkono wa Gaspero kama alivyouona mara nyingi sana, jinsi ulivyotulia kidogo kabla ya kupiga, kama mtu anayekumbuka jina. Akatulia hivyo. Akapiga.

Yakatoka. Yote, kwa pamoja, bila mkia, kama kitambaa cha hariri kilichonyakuliwa na upepo. Yakapita juu ya mkate, yakapita juu ya bata, yakapita juu ya kichwa cha Amerigo ambaye aliinama kwa heshima iliyochelewa, yakaenda mahali yalipokwenda sikuzote, kizingitini. Lakini kizingitini siku hiyo palikuwa na kofia, nayo ilikuwa wazi. Yakaingia humo kwa sauti ndogo, *pwa*, kama busu.

Bwana Landucci hakuona, alikuwa akitazama nje na kukamilisha maneno yake makali. Alipoyapata, aligeuka, akaivaa kofia ili ayaseme kwa hadhi.

Amerigo akatwaa leso yake mezani.

Lakini Duilio alikuwa amekwisha kumimina, na divai iliyoshuka katika glasi ilikuwa nyekundu ya kweli, safi, bila jicho hata moja la samaki. Hivyo kaandikeni, enyi mnaoandika: kwamba katika Montegrillo, mkesha wa Martino, mwana wa nne wa Fosco aliyeshusha macho yake daima aliyarusha mafuta baba yake angali hai, katika nyumba isiyo yake, na asipoteze tone la divai hata la kumlevya nzi. Gaspero alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mtu asiye kasisi. Amerigo akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa.

Glasi ikapelekwa mlangoni. Bwana Landucci akanywa, na maneno yake makali yakapotea kinywani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana barabarani na rafiki ambaye yeye mwenyewe alimtapeli.

"Hii ina Trebbiano kiasi gani?" akauliza.

"Kiasi kinachostahili," akasema Gaspero.

"Hm." Akanywa tena. Kutoka chini ya kofia, karibu na sikio, uzi mwembamba wa dhahabu ukaanza kushuka polepole, ukafika kwenye shavu, ukasita. "Basi. Glasi ya kwanza imemiminwa. Nani ana neno?"

Gaspero, ambaye zamu ilikuwa yake, akaanza kuzungumzia paa la zizi. Alilizungumzia vizuri. Akahamia kwa ng'ombe mwenye kikohozi. Akahamia kwenye ukuta wa mawe upande wa mto. Uzi wa dhahabu ukafika kidevuni. Amerigo alikuwa akiuma leso. Na Duilio akatambua, kwa uchungu uliomshangaza, kwamba Mzee hakuwa amesahau neno lililobaki. Alikuwa akilizunguka kwa makusudi, kama mtu anavyozunguka kitanda cha mgonjwa, kwa maana binti aliyesuka majani karibu na dirisha la chumba hicho angeondoka, na dirisha lingebaki.

"Wewe mrefu," akasema Bwana Landucci, akiokoa muda. "Una neno?"

"Ndiyo, Bwana," akasema Duilio. "Kuna mafuta katika kofia yako. Ni mimi niliyeyatia. Nisamehe."

Bwana Landucci akapeleka mkono kichwani. Aliuleta mbele ya macho yake, akautazama. Uso wake ukabadilika rangi, ukapita rangi zote za zabibu, na mdomo ulikuwa unafunguka Bibi Zelinda alipoinuka mekoni, jambo lililokuwa nadra kuliko theluji.

"Mafuta yakimwagika ni mkosi," akasema. "Humfuata yule yaliyemwangukia. Ila akimridhia mtu ombi kabla hayajakauka."

Mila hiyo haikuwahi kusikika katika Chianti yote. Bibi Zelinda aliitunga hapo hapo, nayo ikazeeka miaka mia moja kabla hajafunga mdomo.

"Nani aliyesema hivyo?" akauliza msimamizi, akijifuta kwa leso.

"Wote waliokufa," akasema Bibi.

Bwana Landucci alikuwa mtu wa mahesabu na hakuamini mambo hayo. Lakini mafuta yalikuwa yakiingia kwenye kola. "Lisemwe basi hilo ombi," akasema. "Haraka."

Duilio alisimama hapo, kibuyu kifuani kama mtoto aliyeokolewa motoni. Masikio yake yalikuwa mekundu kiasi cha kumfanya mtu aombewe. Aliufumbua mdomo. Akamtazama Gaspero, akamtazama msimamizi, na kisha, kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kutazama tena, akamtazama Ersilia.

"Nataka kumwoa Ersilia," akasema. "Nimetaka tangu siku ya kwanza niliyopanda huku. Kama naye anataka. Na wewe, Mzee, tutakuja kila Jumapili, wote wawili, hata mvua ikinyesha."

Gaspero akageuza uso kuelekea motoni. "Mchukue," akasema kwa sauti ya ndani. "Mimi siwezi kusema zaidi."

"Imeridhiwa," akasema Bwana Landucci, akavua kofia, akayamwaga mafuta yake uani, akaondoka na ufahari wote aliobakiwa nao.

Wote wakamgeukia Ersilia, wakingoja azisifu nguvu za mkono ule, ustadi ule, ushindi ule ambao vizazi vitausimulia. Alikuwa bado ameshika kisu cha mkate. Akakiweka chini.

"Duilio," akasema, "ningekukubali hata kama ungeyamwaga yote mezani."